Shahada ya fizikia hupangwa kuanzia mwisho

Mwanafunzi mpya aliyechagua fizikia akifungua prospektasi ya chuo, macho hukimbilia kurasa za mwisho. Huko ndiko kwenye majina matamu: mekanika ya kwanta (fizikia ya atomu na vitu vidogo kuliko hapo), nyota na galaksi, chembe za msingi, nadharia ya uhusianifu. Kurasa za mwanzo zina kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) ya kwanza, kalkulasi ya pili, maabara ya kwanza, na hizo anazipita harakaharaka. Kisha anajaza ratiba ya muhula wake wa kwanza kwa kutafuta vipindi visivyoanza alfajiri.

Kukimbilia mwisho si kosa. Kosa ni kurudi kutoka huko mikono mitupu. Chini ya maelezo ya mekanika ya kwanta kuna mstari mmoja mdogo unaotaja kozi tangulizi, yaani zile ambazo lazima uzimalize kabla hujaruhusiwa kuingia darasani. Watu wengi huuruka mstari huo. Mimi nasema ndio wa kwanza kusomwa, kwa sababu ndani yake mna karibu mpango mzima wa shahada, ila umeandikwa kinyumenyume.

Tuufuate. Ili uingie kwanta, idara nyingi hutaka uwe umemaliza fizikia ya kisasa, aljebra mstari na milinganyo tofautishi, yaani ile inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika. Milinganyo tofautishi inataka kalkulasi ya pili, na mara nyingi ile ya vigeu vingi pia. Ya vigeu vingi inataka ya pili, na ya pili inataka ya kwanza. Upande wa fizikia, ile ya kisasa imekaa juu ya umeme na usumaku, nao umekaa juu ya mekanika ya mwanzo. Chora haya kwenye karatasi kwa mishale. Utaona kitu ambacho wengi hukigundua wakiwa mwaka wa tatu: mnyororo wa hisabati ni mrefu kuliko wa fizikia. Kinachomchelewesha mwanafunzi wa fizikia mara nyingi ni hisabati.

Sasa tuhesabu. Tuseme shahada ni ya miaka minne, mihula minane, na kwanta hufundishwa muhula wa tano. Anayeanza kalkulasi ya kwanza mara tu anapofika ana mihula minne mbele yake, na kozi nne za kuijaza: kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya vigeu vingi, milinganyo tofautishi. Zimetosha kabisa, bila hata pengo moja. Mchukue sasa mwenzake ambaye jaribio la kupima wanafunzi wapya limemrudisha kwenye hesabu za maandalizi. Amechelewa muhula mmoja tu. Lakini milinganyo tofautishi ataimaliza mwishoni mwa muhula wa tano, wakati wenzake wanatoka kwenye kwanta. Na kwa kuwa idara za fizikia huwa ndogo, kozi za juu hutolewa mara moja kwa mwaka. Atasubiri hadi muhula wa saba. Muhula mmoja umezaa mwaka mzima.

Hali hiyo inarekebishika, ila hurekebishwa mapema. Kozi moja ya hisabati ikisomwa wakati wa likizo ndefu humrudisha kwenye mstari. Aljebra mstari, kwa vyuo vingi, haidai kalkulasi yote ya nyuma, kwa hiyo inaweza kusomwa sambamba na nyingine badala ya kuwekwa foleni. Na wapo wahadhiri wanaokubali usome milinganyo tofautishi muhula uleule wa kwanta, ukienda kuomba mwenyewe na matokeo yako mkononi. Anayeligundua pengo mwaka wa kwanza ana njia zote tatu. Anayeligundua mwaka wa tatu hubaki na ile ya kuomba.

Mfumo wa nchi nao hubadili sura ya tatizo. Marekani, mwanafunzi huingia chuo bila kulazimika kutaja somo kuu, na kwa kawaida hutakiwa kulitangaza kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Uhuru huo una mtego kwa mtu wa fizikia: anayesubiri mwaka wa pili ndipo aanze kalkulasi amekwisha kuchelewa, hata kama fomu inasema bado ana muda. Uingereza ni kinyume. Unaomba fizikia tangu mwanzo, shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu au minne kutegemea aina yake na sehemu ya nchi, na hisabati imefungwa ndani ya ratiba ya idara yenyewe. Huko mnyororo umeshapangwa na wengine; kazi yako ni kutouvunja.

Kwa nini hisabati nyingi hivi? Nitajibu kwa kisa kimoja. Mwaka 1925 Werner Heisenberg, mwanafizikia kijana wa Kijerumani wa miaka 23, alikuwa anakokotoa tabia za atomu kwa kutumia majedwali ya namba yenye jambo la kushangaza: ukizidisha jedwali la kwanza kwa la pili, unapata jibu tofauti na ukizidisha la pili kwa la kwanza. Jambo hilo lilimkera. Max Born, mkuu wake pale Göttingen, Ujerumani, ndiye aliyeyatambua majedwali hayo kuwa ni matriksi, kitu ambacho wanahisabati walikuwa nacho kwa miongo kadhaa na ambacho Born mwenyewe alifundishwa akiwa mwanafunzi. Heisenberg hakuwa amekutana nacho. Leo hii matriksi ni mada ya wiki za mwanzo katika aljebra mstari, na mwanafunzi anayeingia kwanta bila hiyo yuko mahali alipokuwa Heisenberg, isipokuwa hana Born wa kumnong'oneza.

Kuna jambo jingine ambalo prospektasi halisemi. Ukisoma majina ya kozi utadhani kila moja ni chumba chake: huku mekanika, kule mawimbi, pale kwanta. Ukweli ni kwamba fizikia hufundishwa kwa kuzunguka. Utarudishwa kwenye kitu kilekile mara nne au tano, kila mara ukiwa na zana kali zaidi. Mfano ni pendulumu, yaani kijiwe kilichofungwa kwenye uzi.

Mwaka wa kwanza unaambiwa kwamba muda wa kwenda na kurudi hutegemea urefu wa uzi na nguvu ya uvutano, basi. Uzi wa mita 1 hutoa takriban sekunde 2. Katika kulifikia jibu hilo mwalimu hufanya ujanja: anaibadilisha sini ya pembe kuwa pembe yenyewe. Kwa nyuzi 10 ujanja huo una haki yake, maana pembe kwa radiani ni 0.1745 na sini yake ni 0.1736, tofauti ya nusu asilimia. Kwa nyuzi 60 haifai tena. Muda halisi huzidi ule wa kanuni kwa asilimia 7 hivi. Ukishapitia mfululizo wa Taylor (njia ya kuandika sini kama jumla ya vipeo vya pembe) kwenye kalkulasi ya pili, unaelewa ujanja ule ulitoka wapi na unaishia wapi.

Mwaka wa pili kijiwe kinarudi kama mlinganyo tofautishi, na unagundua kwamba mlinganyo huohuo ndio wa uzito unaoning'inia kwenye springi na wa saketi yenye koili na kapasita. Mambo matatu yasiyofanana hata kidogo, hesabu moja. Mwaka wa tatu kinarudi tena, safari hii bila wewe kuhesabu kani yoyote: unaandika nishati ya mwendo, unatoa nishati ya mahali, na kanuni ya Lagrange inakupa jibu. Ukifunga kijiwe cha pili chini ya cha kwanza, mwendo unakuwa vurugu usizoweza kuzitabiri kwa muda mrefu. Kwenye kwanta, kile kitu kinachobembea, ambacho ulidhani umeachana nacho, ni miongoni mwa matatizo machache yanayotatulika kikamilifu kwa kalamu, na ndicho kinachotumika kueleza mtetemo wa atomu ndani ya molekuli.

Ukilielewa hilo, swali la kuruka au kutoruka kozi za mwanzo linapata jibu. Wanafunzi wenye alama nzuri za sekondari mara nyingi hupewa nafasi ya kuruka mekanika ya mwanzo. Inavutia, unaokoa muhula. Lakini kozi ya mwanzo ndiyo mzunguko wa kwanza, na mizunguko yote inayofuata inaitegemea. Mimi ningejipima hivi. Bapa gumu la duara na pete, vya uzito mmoja na kipenyo kimoja, vinaachiwa pamoja juu ya mteremko na kubingirika bila kuteleza. Kipi kinafika chini kwanza? Bapa. Kujua jibu hakutoshi. Je, unaweza kuonyesha, kuanzia kanuni za Newton na karatasi tupu, kwamba mchapuko wa bapa ni theluthi mbili za ule wa kitu kinachoteleza bila msuguano, na wa pete ni nusu? Ukiweza bila kufungua daftari, ruka. Ukikumbuka kanuni ila hujui ilikotoka, kaa darasani. Na kama mekanika yako ya sekondari haikutumia kalkulasi, kaa hata kama alama zako zinang'aa.

Maabara ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote wakati wa kupanga, labda kwa sababu huandikwa kama krediti moja. Krediti moja hiyo hula mchana mzima kila wiki, na ripoti hula usiku. Ila inafundisha jambo ambalo mhadhara hauwezi. Rudi kwenye kijiwe chetu cha mita 1. Unataka kupata nguvu ya uvutano kwa saa ya kubonyeza. Kidole chako huchelewa au kuwahi kwa kama sekunde 0.2. Ukipima mbembeo mmoja wa sekunde 2, umekosea asilimia 10. Na kwa kuwa kanuni hutumia muda uliozidishwa kwa wenyewe, kosa hilo huongezeka mara mbili, kwa hiyo jibu lako liko popote kati ya 8 na 12. Halina maana. Sasa acha kibembee mara 20 ndipo ubonyeze. Muda ni kama sekunde 40, kidole ni kilekile cha 0.2, kosa ni nusu asilimia, na jibu linakaa ndani ya asilimia 1 ya 9.8. Hukununua kifaa kipya. Umefikiri tu kosa linatoka wapi kabla ya kupima, na hiyo ndiyo kozi nzima ya maabara.

Heisenberg tena, kwa wale wanaojiona ni watu wa nadharia tupu. Mwaka 1923, kwenye mtihani wake wa mdomo wa udaktari huko Munich, Wilhelm Wien alimuuliza kuhusu uwezo wa hadubini kutenganisha vitu vidogo, kisha jinsi betri inavyofanya kazi. Hakujibu vya kuridhisha na aliponea chupuchupu kufeli. Miaka minne baadaye alipotaka kuieleza kanuni yake ya kutokuwa na uhakika (kwamba huwezi kujua kwa usahihi kamili mahali na mwendo wa chembe kwa pamoja) alitumia mfano wa hadubini, na mwanafizikia mwenzake Niels Bohr akalazimika kumsahihisha kwenye jambo lilelile.

Kompyuta huachwa nje ya mipango mingi kwa sababu si kila idara inailazimisha. Iweke ndani mwenyewe, kabla mwaka wa pili haujaisha. Python, lugha ya kuandikia programu, inatosha kuanzia. Usijifunze kwa kutengeneza vikokotoo vya kuchezea. Chukua kijiwe chetu kwa pembe kubwa, pale ambapo kanuni ya kalamu inashindwa. Kokotoa mchapuko kutoka kwenye pembe, sogeza mbele sekunde 0.01, rudia. Ukiiandika kwa njia inayokuja akilini kwanza, utaona ajabu: kijiwe kinapanda juu zaidi kila kinapobembea, kana kwamba kuna mtu anakisukuma. Njia yako ya kukokotoa inaingiza nishati kidogo kidogo kila hatua. Geuza mpangilio, sasisha mwendokasi kwanza kisha utumie huo mpya kusogeza pembe, na kijiwe kinatulia. Mistari miwili imebadilishana nafasi, basi. Aliyepitia hapo hataamini tena grafu kwa sababu tu imetoka kwenye kompyuta.

Kuhusu mzigo wa muhula. Kanuni inayorudiwa vyuoni ni saa 2 hadi 3 za kujisomea kwa kila saa 1 ya darasani. Kozi nne za saa tatu kwa wiki, pamoja na maabara ya saa tatu, ni saa 15 za kukaa chuoni na, ukiiacha maabara, kati ya 24 na 36 za kujisomea. Kwenye kozi za fizikia na hisabati, tegemea upande wa juu. Kwa hiyo usizirundike. Kozi mbili za fizikia na moja ya hisabati ni muhula mzito. Ya nne iwe ya kusoma na kuandika, au ya lugha. Wapo wanaobeba kozi tano za kukokotoa na kufaulu, lakini waulize muhula uliofuata walikumbuka nini.

Mazoezi ya wiki yafanye kwanza peke yako hadi ukwame, ndipo uende kwa wenzako. Anayeanza na wenzake hunakili bila kujua kwamba ananakili.

Linakuja swali la unataka kuwa nani, na wazazi huliuliza mapema kuliko vyuo. Habari njema ni kwamba hadi mwaka wa tatu jibu halibadilishi sana ratiba. Anayetaka nyota, anayetaka vifaa vya elektroniki na anayetaka tiba ya mionzi wote wanapita mekanika, umeme na usumaku, kwanta, themodinamiki na mekanika takwimu. Hata hivyo njia mbili zina masharti yake, na mwenye nia nazo asisubiri. Ukitaka kuwa mhandisi aliyesajiliwa, nchi nyingi hutaka shahada ya uhandisi iliyoidhinishwa, na ya fizikia peke yake haikufikishi huko kirahisi. Ukitaka kufundisha shuleni, mara nyingi utahitaji sifa ya ualimu, na kozi zake zinahitaji nafasi kwenye ratiba kuanzia mwaka wa pili.

Anayelenga shahada ya udaktari ana hesabu nyingine ya kalenda. Programu za Marekani hupokea watu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, lakini maombi hufungwa zaidi karibu na Desemba, takriban miezi tisa kabla ya kuanza. Maana yake, walimu wanaokuandikia barua wanakujua kwa yale uliyofanya hadi mwaka wa tatu. Ulaya, sehemu nyingi hutaka shahada ya uzamili kwanza. Kwa wanaotoka nchi zinazoendelea kuna pia kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, pale Trieste, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1964 na mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam, chenye programu ya diploma ya mwaka mmoja inayowaandaa wahitimu kwa masomo ya udaktari.

Ndiyo maana utafiti hautafutwi mwaka wa mwisho. Mwaka wa pili, ukishajua Python kidogo na kupima makosa kidogo, soma kurasa za wahadhiri wa idara, chagua wawili, na umwandikie kila mmoja aya fupi: kazi yake ipi imekuvutia, unajua kufanya nini, una saa ngapi kwa wiki. Usiandike kwamba unaipenda fizikia tangu utotoni. Wote huandika hivyo. Kazi ya kwanza utakayopewa huenda ikawa ya kuchosha, kusafisha data au kulinganisha vioo vya leza, na ukiifanya vizuri ndiyo itakayoleta barua niliyoitaja hapo juu.

Basi kabla ya kukutana na mshauri wa masomo, kaa na karatasi kubwa yenye safu nane, au sita kama shahada yako ni ya miaka mitatu. Anza kujaza safu ya mwisho, kisha urudi nyuma kwa kufuata mishale. Tumia penseli. Acha nafasi moja tupu mwaka wa pili na moja mwaka wa tatu, kwa ajili ya kozi utakayofeli au ile utakayoipenda bila kutarajia. Zote mbili hutokea. Mshauri hatakuwa na muda wa kukupangia kila kitu, lakini akiona karatasi ataanza kuikosoa papo hapo, na ukosoaji huo ndio ulioufuata. Kisha onyesha kwa kidole kila kozi ya safu za mwisho, moja baada ya nyingine, na uulize swali lilelile: nikiikosa hii, itatolewa tena lini? Kuna ambazo jibu lake litakuwa ni baada ya miaka miwili. Hizo zizungushie duara.